Kiganja Juu ya Maji

Amosi Chiwanga hakuwa na bahari. Hakuwa na mto pia, maana ule uliopita kijijini kwao, Kongwa, ulikuwa mto wakati wa masika tu, na siku zilizobaki ulikuwa njia ya ng'ombe. Hakuwa na mjomba mvuvi. Hakuwa na kumbukumbu ya kusukumwa majini na wenzake utotoni, wala mapafu ya kupiga mbizi, wala miguu mirefu. Hakuwa na cheti cha kumaliza majaribio ya kazi. Hakuwa na mke wala mtoto pale alipokuwa. Walikuwa bado bara, mabegi yamefungwa, wakisubiri hicho cheti. Na kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho hakuwa nacho, ingawa asubuhi ile alikuwa bado hajakijua: kuogelea kwenyewe hakukuwa kwake.

Alichokuwa nacho ni viganja vya fundi mwashi, vilivyoweza kupapasa tofali gizani na kusema hapa pana ufa, na kifungo cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama, kilichoshonwa nyuma ya sikio lake la kulia na watu wa Nyumba ya Amana. Viganja alikuja navyo. Kifungo alipewa.

Asubuhi ya mtihani aliamka kabla ya jua, lakini jua lenyewe halikuamka. Wingu lilikuwa limelala juu ya ghuba ya Mikindani kutoka upande hadi upande, zito, la kijivu, na joto la Februari lilikuwa limebanwa chini yake kama mvuke wa wali.

"Leo wamefunika sufuria," alisema Likwata. Alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi wake kando ya gati, mtu mnene wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kuwafuata waogeleaji na kushuhudia kama wamefika. "Tutaiva, mimi na wewe."

"Nitaonaje njia, kaka Likwata? Siku zote huwa naliweka jua begani."

"Ukuta uko kule." Likwata alinyoosha kasia kuelekea mahali ambapo bahari na mbingu zilikuwa kitu kimoja. "Unavuka ghuba, unaugusa, basi. Ukiugusa, Jumatatu unathibitishwa kazini na shemeji anapanda basi. Usipougusa, unarudi kwenu kuogelea kwenye vumbi."

"Vumbi nalo lina ustadi wake."

"Nasikia. Nasikia kwenu maji mnayaona kwenye kalenda tu."

"Kwetu anayemcheka mgeni humpa kwanza uji."

"Uji uko ng'ambo. Ingia!"

Ukuta huo ndio uliomleta Chiwanga pwani. Bahari ilipopanda na kumeza barabara ya chini ya Mikindani, na nyumba za mawe, na maduka ya mbele, watu walijenga ukuta mdomoni mwa ghuba kwa matofali yaliyopandwa matumbawe. Matofali hayo yaliota. Yalishikana yenyewe kama mfupa unavyojiunga, na kama mfupa, wakati mwingine yalijiunga vibaya. Kamera hazikufaa kitu, kwa sababu maji ya ghuba yalikuwa na tope jembamba lisilotulia. Ikabidi ukuta upapaswe kwa mkono kila siku, chini ya maji, na mtu anayejua ufa ni nini. Sasa, mafundi waliojua ufa hawakujua kuogelea, na waliojua kuogelea hawakujua ufa. Kumfundisha mtu mzima bahari ni kazi ya msimu mzima, na wakubwa walisema ukuta hausubiri msimu.

Hapo ndipo Nyumba ya Amana ilipoingia. Wao walihamisha ujuzi: waliutoa mwilini mwa mmoja wakautia mwilini mwa mwingine. Neno lao lilikuwa kuhamisha, si kunakili. Ujuzi, kwa mashine zao, haukuwa kama moto, ambao jirani huja na kijinga cha kuni akauchukua na wako ukabaki unawaka. Ulikuwa kama jiwe la kusagia. Likienda kwa jirani, kwako hapasagwi. Kwa hiyo siku ya kushonwa Chiwanga aliuliza ni nani aliyebaki bila kusaga. Binti wa mapokezi akasoma kwenye kioo chake: mwenye nao ni marehemu.

"Mungu amrehemu," Chiwanga alisema, akainamisha kichwa, wakashona.

Tangu siku hiyo alimjenga marehemu wake kichwani, tofali kwa tofali: mwanamume mrefu, bingwa wa mashindano, mwenye medali kifuani na umati unaompigia makofi. Alimwombea kila Jumapili.

Maelekezo ya kifungo yalikuwa mafupi. Mwili utajua, kichwa kiongoze.

*

Maji yalikuwa vuguvugu juu na baridi kuanzia magotini. Chiwanga alilala kifudifudi, na mwili ukaanza kazi kama ulivyozoea, bila kumuuliza. Mkono wa kulia ulikwenda mbali na kuchota. Mkono wa kushoto ulikwenda karibu tu, umekunjwa ngumi, kisha ukavuta kwa nguvu ubavuni kana kwamba kuna mzigo nyuma yake. Na kila baada ya muda mkono wa kulia uliacha kazi, ukanyooka juu ya maji, kiganja wazi kikitazama nchi kavu, ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Miezi yote aliyoogelea kandokando ya gati, Chiwanga aliamini kwamba hiyo ndiyo salamu ya bingwa kwa umati wake. Aliionea hata fahari.

Lakini alikuwa hajawahi kuvuka ghuba. Na siku zote palikuwa na jua.

Alipoinua kichwa kuvuta pumzi aliona kijivu. Akageukia upande wa pili, akaona kijivu. Juu na chini vilikuwa vimeshonwa pamoja kwa mshono usioonekana. Sauti ya kasia la Likwata ilimjia mara kulia, mara kushoto, mara haikumjia kabisa. Alitafuta ukuta, hakuuona. Alitafuta gati alikotoka. Nalo lilikuwa limekwenda zake. Akaendelea kupiga maji, kwa sababu mtu aliyesimama katikati ya bahari hajasimama, anazama.

Kichwa kilipokosa la kusema, mwili ukashika zamu.

Hakugundua mara moja. Kwanza aliona maji yamekuwa ya moto zaidi, kama yanavyokuwa mahali pasipo na kina. Kisha ikamjia harufu, nzito na ya chumvi, ambayo hakuijua na ambayo ilimfanya ameze mate kama mtu aliyenusa chakula cha kwao. Aliuambia mkono uende kulia. Mkono ulisikia, kwa adabu, kama mtoto anayeitikia "naam" huku akiendelea kucheza. Ukaenda kushoto.

"Kulia," alisema tena, akameza maji.

Shingo nayo ilianza mambo yake. Kila pumzi ilitaka kugeuka upande wa kushoto na kutazama juu kidogo ya maji, kwenye kimo cha mtoto aliyeketi. Palikuwa na haraka mwilini, haraka ya mtu aliyeacha kitu motoni. Chiwanga alidhani ni hamu ya binti yake, Penina. Lakini Penina alikuwa Kongwa, na Kongwa haiko kushoto kwa bahari yoyote. Basi haraka hii ilikuwa ya nani? Alijiuliza kama anaumwa. Alijiuliza kama amelala bado kitandani na mtihani ni ndoto. Kiganja kikainuka tena, wazi, kikatulia juu ya maji.

Safari hii kikajibiwa.

Mbele yake, ndani ya kijivu, kitambaa chekundu kiliinuka, kikapunga, kikashuka. Chiwanga alishtuka. Mwili wake haukushtuka. Mwili ulifurahi. Uliongeza mwendo, mkono wa kushoto ukivuta ule mzigo usiokuwepo, na yeye akabaki ndani yake kama abiria aliyepanda gari la watu.

"Wewe! Chiwanga!" Likwata alikuwa akipiga kasia nyuma yake kwa nguvu. "Ukuta hauko huko! Umelewa?"

"Siendi mimi!"

"Kama huendi wewe, anaenda nani?"

Mbele yake miti ya kichanja ilitokeza ndani ya maji, minne, mmoja umelala. Nyuma yake palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga mwani uliotandazwa kukauka, na mwanamke kijana akikimbia kuingia baharini na kanga nyekundu mkononi, maji yakimrukia kiunoni.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama!"

Chiwanga alisimama. Maji yalimfika tumboni, na ndevu zake zilikuwa zikichuruzika. Mwanamke alibaki na mdomo wazi, kanga ikiwa bado juu.

*

Alikuwa anaitwa Somoe, na alipopata sauti hakumsalimu.

"Wewe ni nani, na kwa nini unaogelea kama mama yangu?"

"Huu ni mtindo wa bingwa mmoja," Chiwanga alisema. Hata yeye alisikia jinsi neno lilivyokuwa jepesi. "Marehemu."

"Bingwa? Bingwa gani anavuta kamba ya mwani ambayo haipo?" Alinyoosha kidole kwenye mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umefumba. Chiwanga aliutazama, akaufumbua, hamkuwa na kitu.

Somoe alimweleza kwa hasira, kama anayemweleza mwizi thamani ya alichoiba. Wanawake wa kijito kile hulima mwani kwenye maji madogo, lakini mawimbi yakikata kamba, lazima mtu aogelee kuzifuata maji yakiwa yamejaa. Ncha ya kamba huzungushwa mkono wa kushoto. Mtoto huachwa juu ya kichanja. Na ili mtoto asilie akidhani mama amezama, mama huinua kiganja kila baada ya muda: nipo. Mtoto huinua kitambaa: nakuona.

"Mimi nimekulia juu ya kile," alisema, akionyesha kichanja. "Nimeinua kitambaa kabla sijajua kusema. Leo nimekaa naanika mwani, naona kiganja. Mkono wangu ukapanda wenyewe." Sauti yake ilipungua. "Nikasahau kwamba mama yuko jikoni."

Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kutoka jikoni. Alikuwa Bi Ziada, mwembamba, mrefu, mwiko mkononi, na alikuwa amesimama pale ambapo mchanga mkavu unakutana na mbichi. Hakuvuka mstari huo.

"Shikamoo, mama," alisema Chiwanga.

"Marahaba, mwanangu. Umelowa."

"Ndiyo, mama."

Bi Ziada aliunyoosha mwiko kuelekea baharini. "Ogelea tena kidogo, nione."

Likwata, ambaye mtumbwi wake ulikuwa umefika, alitaka kusema jambo kuhusu mtihani, akaona sura ya yule mama, akaacha. Chiwanga akalala majini, akaenda mpaka kwenye kichanja na kurudi. Bi Ziada alimtazama kama mtu anavyoitazama nguo yake mwenyewe ikipita barabarani mwilini mwa mtu mwingine.

"Mkono wa kushoto umeulegeza," alisema. "Usiulegeze. Kamba itakuponyoka."

Walimkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, wakampa chai ya rangi. Naye akasimuliwa. Watu wa Nyumba ya Amana walikuja wakati ukuta unajengwa, wakaketi hapo hapo, wakaomba kwa adabu. Walisema ukuta ni wa wote na mafundi hawajui maji. Bi Ziada akawaazima kuogelea kwake, kama mtu anavyomwazima jirani mwenye harusi sufuria kubwa. Msimu mmoja, walisema.

"Na ulipopita msimu?"

"Nilisubiri."

"Hukwenda kudai?"

"Kudai?" Bi Ziada alilitema neno kama mwiba wa samaki. "Mwanangu, mtu akichukua sufuria yako kwa harusi, utakwenda kugonga mlango useme nipe sufuria yangu? Unampitia. Unamsalimu. Unamuuliza habari za watoto. Akikuona atakumbuka mwenyewe."

"Uliwapitia?"

"Kila Ijumaa, mpaka mlinzi akanizoea. Niliwasalimu, nikawauliza habari za watoto. Wakasema hawajambo. Nikarudi nyumbani."

Chiwanga aliweka kikombe chini. Sasa alikumbuka kifungu katika mkataba wake, kile alichokipita haraka kwa sababu kilihusu wafu. Amana isiyodaiwa ndani ya msimu wake huhesabiwa kuwa imeachwa, na mwenye nayo huingizwa kwenye orodha ya marehemu. Hakuna aliyemuua Bi Ziada. Alikufa kwa adabu zake. Wale wa Nyumba walisubiri adai, na yeye alisubiri warudishe, na kila upande uliona mwenzake yuko kimya. Akawaeleza, akitafuta maneno.

Somoe alicheka kicheko kikavu. "Marehemu! Na jana kanigombeza mpaka majirani wakatoka nje."

"Na leo nitakugombeza tena, umeacha mwani unapigwa na wingu," alisema mama yake.

"Sasa je, mama?" Chiwanga aliuliza. "Ukiingia majini?"

"Siku waliponitoa kuogelea nilirudi kwenye maji yangu nikazama kama chungu. Wenzangu walicheka, walidhani nafanya mzaha. Sasa mwisho wangu ni magotini. Maji yakijaa nakuja kusimama hapa, na mwili hauniambii kitu. Najua kwamba nilikuwa najua. Basi." Alitazama ghuba. "Kamba zikikatika zinakwenda. Shamba limebaki robo."

"Rudisha," Somoe alimwambia Chiwanga. "Si umemwona? Yu hai. Rudisha."

"Somoe! Mgeni hadaiwi akiwa amelowa."

"Jumatatu nathibitishwa," Chiwanga alisema taratibu. "Nikithibitishwa, kifungo kinayeyuka, kinaingia kwenye damu. Hakitoki tena."

Likwata alipata kazi ya kukwangua kasia lake kwa ukucha.

"Kijana ana kazi," Bi Ziada alisema mwishowe. "Ana ndevu, basi ana mke. Na ukuta unatulinda hata sisi. Mimi sikudai, mwanangu. Uondoke ukijua hivyo: sikudai."

Chiwanga aliona afadhali angedaiwa. Anayedaiwa anaweza kukataa.

"Mama," alisema, "nilikuwa nakwenda ukutani. Nilitaka kwenda ukutani. Aliyenileta hapa ni mimi, au ni wewe?"

Bi Ziada alilifikiria swali kwa haki. "Mimi," alisema, "nilikuwa nakaanga dagaa."

Somoe alicheka, safari hii kweli, na Likwata akadakia. Bi Ziada akamtazama Chiwanga kwa jicho jingine. "Kwani wewe hukufundishwa kuogelea?"

"Na nani? Kongwa?"

"Hapa mtoto anashikwa kidevu. Unamlaza juu ya maji, unamshika kidevu, anapiga miguu mpaka anasahau kuwa ameshikwa. Nimewashika wengi, wa ndugu na wa majirani, na mimi sikupungukiwa na kitu. Huyu wangu tu nilimwambia kesho, kesho, mpaka wakaja wale."

"Unaweza kunishika kidevu mimi?"

"Leo? Leo tutazama wote wawili, na ndevu zako."

*

"Mkondo ulikuchukua," Likwata alisema walipokuwa wamerudi kwenye kina kirefu, yeye mtumbwini, Chiwanga majini ameshika ubavu wake. "Hivyo ndivyo nitakavyosema. Hapa si mbali. Fuata sauti yangu, gusa ukuta, tumalize."

"Ulisikia yote."

"Mimi nilikuwa nakwangua kasia." Alipiga maji mara mbili, kisha akashindwa kunyamaza. "Ukirudisha, nani atapapasa? Watatafuta fundi mwingine na marehemu mwingine. Wapo wengi watu wa adabu pwani hii. Na ukuta ukipasuka, kichanja cha kwanza kwenda ni kile cha Bi Ziada. Fikiria na hilo, usifikirie la upande mmoja."

Chiwanga alifikiria. Aliogelea akifuata wimbo wa harusi ambao Likwata aliuimba vibaya kwa makusudi ili usikike, na mawazo yalimzunguka kama maji: hili kweli, na lile kweli, na hakuna lililompisha mwenzake. Mkono wa kushoto ulivuta. Sasa alijua unavuta nini, na kujua kulimfanya auone mzito zaidi. Kiganja kilipoinuka hakukizuia.

Ukuta ulitokea ghafla, mweusi, umeota majani. Aliugusa. Mtihani ulikuwa umekwisha.

Lakini mikono ya fundi haigusi ukuta ikaondoka. Alijaza pumzi, akashuka, akapapasa, na hapo, chini ya majani, kidole chake kikaingia kwenye mstari mwembamba kama uzi. Aliufuata. Ulikuwa unapanda kwa ngazi, kutoka kiungo hadi kiungo, kama nyufa zote zinazotaka kuwa kubwa. Haukuwa wa leo wala wa kuua mtu kesho. Ukizibwa wiki hii ungevumilia, ukiachwa, usingevumilia. Kuujua huko kulikuwa kwake mwenyewe, kumetoka Kongwa, kwenye vibanda vya tope na kwa babu aliyempiga vidole kila alipokosea. Kushuka mpaka pale hakukuwa kwake. Alibaki chini kidogo, kidole ndani ya ufa, akijaribu kuona ni wapi mmoja wao anaishia na mwingine anaanzia. Pumzi ikaisha kabla hajapaona.

*

Ofisi ya ukuta ilikuwa kibanda kimoja juu ya mawe. Wino wa cheti chake ulikuwa bado haujakauka. Mchana ulikuwa umefika lakini hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Chiwanga aliomba karatasi na bahasha.

Siku hizo Nyumba ya Amana haikumtambua mtu katika jambo zito kwa sauti wala kwa mwandiko. Mwandiko uliweza kuhamishwa, na sauti pia, na namna ya mtu ya kubonyeza kidole gumba. Kitu pekee ambacho walikuwa hawajaweza kumtoa mtu mmoja wakamtia mwingine ni mate. Kwa hiyo barua zao zilifungwa kwa bahasha zenye gundi ya kulambwa, na ulimi wa mtu ndio uliokuwa muhuri wake.

Aliandika. Kila mstari, shingo yake iligeuka kushoto na kutazama mlangoni, kwenye kimo cha mtoto aliyeketi. Aliirudisha. Ikageuka tena.

Wasiwasi ukamshika upya. Kama mwili huu ulimpeleka kijitoni bila ruhusa yake, je, si huohuo unaomwandikisha sasa? Huenda Amosi Chiwanga wa kweli angechukua cheti chake akampigia simu mkewe, Yudita, na kumwambia pandeni basi. Huenda huruma yenyewe ilishonwa pamoja na kifungo. Alimtafuta yule Chiwanga wa kweli ili amuulize, na kila aliyemkuta alikuwa ameshika kalamu ileile.

Mwisho alichoka kumtafuta. Kama ni Bi Ziada anayeandika, alijisemea, basi anadai kilicho chake, na kwa mara ya kwanza amekuwa na ujasiri wa kudai. Kama ni mimi, basi narudisha nilichoazimwa, na hiyo ndiyo adabu niliyofundishwa. Barua ni ileile.

Akaisoma tena:

*Kwa Nyumba ya Amana. Mimi Amosi Chiwanga nimebeba kuogelea kwa Bi Ziada wa kijito cha mwani, Mikindani. Mmemwandika marehemu. Leo amenipa chai. Ninarudisha amana yake kabla ya Jumatatu, na sitaki nyingine badala yake. Ufa nilioukuta leo nimeuwekea alama. Uzibwe wiki hii, na ukuta utasubiri msimu mmoja. Katika msimu huo naomba mimi na mafundi wenzangu tufundishwe maji na Bi Ziada mwenyewe, kwa kushikwa kidevu. Kwa njia hiyo yeye hatapungukiwa na sisi tutapata.*

Likwata alisoma juu ya bega lake bila aibu. "Mafundi na ndevu zao, wameshikwa videvu. Mji mzima utakuja kutazama."

"Waje na uji."

"Na wakikataa? Wakisema asiyeogelea hana kazi?"

"Basi nitakuwa nimerudi kwenye vumbi."

"Na shemeji utamwambia nini?"

Chiwanga alimwona Yudita akilini, mlangoni kwao, na Penina ameketi juu ya begi lililofungwa, akichungulia barabara. "Nitamwambia kweli," alisema. "Sijui nitaianzia wapi."

Akakunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi. Ilikuwa na chumvi. Huenda ni chumvi ya gundi, huenda ni ya bahari iliyokauka kwenye midomo yake. Alibonyeza kwa kiganja mpaka bahasha ikashika kama tofali.

Likwata aliichukua, akaiweka ndani ya shati upande usio na jasho, akashuka akaingia mtumbwini kuipeleka posta ya ng'ambo. Hakuaga. Chiwanga alisimama juu ya mawe akimwona anapungua ndani ya kijivu, na kabla hajaamua jambo lolote mkono wake wa kulia ulipanda, kiganja wazi.

Hakuushusha. Alingoja, bila kujua anangoja nini, mpaka huko mbali, pasipo na mshono kati ya maji na mbingu, kasia likainuka juu, likatulia, likashuka.